Kisimba Alinisomea Karatasi ya Mashine

Karuba, Jumapili, Novemba 1953. Mvua.

Mvua haijakatika tangu tulipotoka misani. Vilima vyote vimefunikwa, hata zizi la ng'ombe la jirani silioni. Afadhali. Sina hamu ya kuona mtu, na nadhani hakuna mwenye hamu ya kuniona mimi.

Leo sikupokea komunyo. Wengine walipopanga mstari nilibaki kwenye benchi nikiangalia magoti yangu. Mke wangu, Mama Yustina, alirudi kutoka altareni akaketi kando yangu bila kuniuliza kitu. Njiani pia hakuuliza. Yeye ni mtu wa kungoja. Anajua jambo likiiva litaanguka lenyewe.

Basi naliandika hapa kwanza, kwa sababu daftari halina uso.

Kisimba ameondoka. Nimemfukuzisha mimi.

Kwa miaka sita Kisimba na mimi tulipasua mbao pamoja hapa kwa mzungu tunayemwita Bwana Miwani. Msumeno wetu ulikuwa ule mrefu wa watu wawili. Gogo linalazwa juu ya shimo. Mimi nilisimama juu yake nikifuata mstari wa mkaa, Kisimba alikuwa chini shimoni akivuta, unga wa mbao ukimwangukia kichwani kutwa nzima. Msumeno ule hauendi kwa nguvu za mtu mmoja. Ukimvuta mwenzako vibaya, wewe njo unakosa pumzi, wewe mwenyewe. Ilikuwa lazima nijue amelalaje, amekula nini, ana hasira na nani, maana yote yalipanda kupitia kwenye chuma mpaka mikononi mwangu.

Na tulizungumza. Mbao ngapi tulipasua tukizungumza! Hivyo njo nilijua maisha yake. Alitoka upande wa Walikale, kwenye msitu mkubwa, na alisoma misioni ya huko mpaka akajua na Kifaransa kidogo. Kaka yake alipokufa akaacha mjane na watoto watatu, Kisimba aliwachukua, kama desturi ya kwao inavyotaka. Padri akamwambia hiyo si ndoa mbele ya Kanisa, amrudishe yule mjane kwa wazazi wake. Kisimba akakataa, wakamnyang'anya karti ya ubatizo. Siku aliponisimulia hakuwa na uchungu. Aliinua tu uso wake mweupe kwa unga akasema, "Kaka, wale batoto wangekula wapi?"

Mimi karti yangu ninayo. Iko kwenye sanduku, imefungwa kwa kitambaa. Sikufanya chochote kikubwa ili niipate.

Mashine ilifika mwezi wa nane juu ya lori kutoka Goma, vipande vipande ndani ya makasha: motere ya mafuta ya mazutu, meza ya chuma, msumeno wa duara wenye meno kama ya mamba, na mkaba mrefu wa ngozi wa kuunganisha motere na msumeno. Karatasi za maelezo zilikuwa zimelowa njiani. Bwana alitupatia sisi wawili tuzianike juani juu ya mbao.

Wakati wa kupumzika Kisimba alizisoma. Alichora kila kitu kwa mkaa juu ya ubao: hapa unafungua mazutu, hapa unazungusha, hapa unaweka mkono na hapa usiuweke kabisa. Mimi Kifaransa sikijui, Kiswahili chenyewe nakisoma polepole. Lakini nikionyeshwa kitu kwa mkono, hakinitoki. Ilipobaki karatasi moja, firimbi ililia. "Hii inaongea juu ya mukaba," akasema. "Tutaisoma kesho."

Kesho yake Bwana alikuwa amezichukua zote.

Jumatatu iliyofuata alitukusanya wapasuaji wote mbele ya mashine. Alisema misumeno ya mikono imekwisha kazi. Anataka mtu mmoja wa mashine, mtu wa misioni mwenye karti, mwenye kusoma. Wengine watasukuma magogo. Akauliza nani anaweza kuiwasha.

Nilimwangalia Kisimba. Alikuwa ameangalia chini.

Nikatoka mbele. Nikafungua mazutu, nikazungusha, motere ikakohoa mara mbili ikashika. Watu walipiga makofi. Bwana Miwani akanishika bega akauliza, "Gaspari, nani alikufundisha?"

Nikasema, "Mimi mwenyewe, Bwana."

Maneno yalitoka laini kabisa, kama mtu anayeomba chumvi. Kisimba alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Jioni alinipongeza, akaniambia niwe mwangalifu na vidole.

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa mashine. Nimepewa ovaroli ya buluu na nyumba ya mabati, na samaki wa posho yangu ya kila wiki wanatengwa mbali na wa wengine. Zamani saa sita tulikula wote kwenye sinia moja, maharagwe na mihogo, kila mmoja na mzaha wake. Sasa nikikaribia, mazungumzo yanakatika. Hawanitukani. Wanasogea tu kunipa nafasi, nafasi kubwa kuliko ninayohitaji.

Na motere haimwachii mtu kusema. Mchana kutwa tunaonyeshana kwa mikono kama mabubu. Tulikuwa kumi na nne pale, na tangu mwezi wa nane sijui ni mke wa nani amejifungua wala ni nani amefiwa. Mambo hayo nayasikia kwa Mama Yustina.

Sasa niseme ya Alhamisi. Nitaiandika kama ilivyokuwa.

Wazungu wawili wa mashamba ya jirani walikuja kutazama mashine. Bwana Miwani alisimama nao nyuma yangu, amefurahi. Nilikuwa nikipasua gogo gumu la karatusi. Nilisikia harufu ya ngozi inayoungua, na sikujua ni ya nini. Ndipo Kisimba akaja mbio kutoka upande wa magogo, mikono yote miwili juu, mdomo wazi. Sauti yake haikufika.

Nilimwona.

Nilimwona, na nilielewa kwamba anasema nisimamishe. Lakini nilifikiri: mbele ya wageni hawa, nisimamishwe na msukuma magogo? Nikainamisha macho nikasukuma ubao.

Mkaba ulikatika. Ulimpiga Kisimba begani na mkononi, akaanguka juu ya maranda. Motere iliendelea kulia peke yake mpaka nilipokumbuka kuizima, na hapo tu njo tukasikia anavyolia.

Bwana alikuwa mwekundu. "Nani alimwita huku?" akauliza. "Kazi yake ni kule kwa magogo!" Akaniangalia mimi. Kama ningesema neno moja tu, kwamba alikuja kuniokoa, kwamba anaijua mashine ile kuliko mimi. Niliokota kipande cha mkaba nikaanza kukikunja, kana kwamba kukunja ngozi ilikuwa kazi ya haraka sana.

Ijumaa walimfukuza.

Jana asubuhi nilikwenda kwake. Mama Bahati, mkewe, yule mjane wa kaka yake, alikuwa anafunga mizigo. Hakuitikia salamu yangu. Kisimba alikaa mlangoni, mkono umefungiwa vibao na kuning'inizwa shingoni kwa kikwembe cha mke wake.

"Mukono unaendelea aje?" nikamuuliza.

"Iko palepale. Enfirmie wa hospitali anasema mifupa itashika, lakini musumeno sitavuta tena."

"Munaenda wapi?"

"Kwetu, Walikale. Kule wazungu wa mawe, bale ba kuchimba, banatafuta batu. Pengine hata mwenye mukono moja iko na kazi." Akavuta kitabu chake cha kazi kutoka mfukoni, akakifungua kwa dole gumba. "Lakini bataomba hii kwanza. Angalia bameandika nini."

Niliangalia. Yalikuwa maneno ya Kifaransa kwa wino mweusi. Alinisomea, kama alivyonisomea zile karatasi nyingine: "Hasikii amri. Anaacha kazi yake bila ruhusa." Akafunga kitabu polepole.

Nilitaka kumwomba msamaha, lakini yeye alitangulia.

"Gaspari, nikuulize kitu. Siku ile, uliniona?"

Ningeweza kusema hapana. Nadhani alikuwa ananipa njia ya kupita.

"Nilikuona," nikasema.

Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichoweza kukinunua. "Basi," akasema. "Nilikuwa namwambia Mama Bahati: Gaspari hakuniona, moshi ilikuwa mingi. Tulibishana siku mbili. Kumbe yeye njo alisema kweli."

Mama Bahati aliinama akaendelea kufunga kamba. Watoto walibeba vyungu na mkeka. Niliwasindikiza mpaka pale njia inaposhuka kuelekea Masisi. Kwa miguu na watoto, watafika Walikale baada ya siku nne au tano, na mvua hii. Kisimba aligeuka akanipa mkono wa kushoto. Hakunilaani. Afadhali angenilaani.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Miwani. Nilifikiri nimepata ujasiri. Nilimkuta barazani anakunywa kahawa. Nilivua kofia nikasema yote: kwamba si mimi niliyejifunza mwenyewe, kwamba Kisimba alinisomea karatasi, kwamba Alhamisi alikuja kuzuia ajali na mimi nilimwona. Nilimwomba afute yale maneno kwenye kitabu, kabla Kisimba hajafika mbali. Nilikuwa tayari kuvua ovaroli palepale.

Bwana hakukasirika. Alicheka kidogo, akaweka kikombe chini.

"Mimi nilijua," akasema. "Niliona michoro juu ya ubao. Ile mukono haikuwa yako. Lakini yule hana karti, na mimi sitaki maneno na bapadri. Wino imekauka, Gaspari. Mukaba mupya unafika kesho. Jumatatu unawasha."

Nikarudisha kofia kichwani nikaondoka.

Nimeandika mpaka hapa, mvua bado. Mama Yustina ameniwekea chakula na kimepoa. Mwishowe nimemwita nikamwambia. Alisikiliza amesimama, mikono imejaa unga wa muhogo. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu.

"Papa Yustina, ulimwambia Bwana. Na wale wanaume, umewaambia?"

Nikasema hapana.

"Kwa Bwana ulikwenda kutafuta nini?" akasema, akarudi jikoni.

Nimekaa na swali hilo tangu saa nane. Ni kweli. Nilikwenda kumwambia mtu ambaye hakupoteza kitu kwa kujua, na mimi pia sikupoteza kitu kwa kusema. Nimerudi na nyumba yangu na ovaroli yangu. Lakini wale kumi na wawili waliobaki wanaamini Kisimba aliacha magogo kwa ujinga, kwamba mtu wa msituni aliogopa mashine akakimbilia pabaya. Nimesikia mmoja akiwasimulia wageni hivyo leo nje ya kanisa, na wakacheka. Nilipita karibu yao. Nilipita tu.

Kitabu cha Kisimba siwezi kukifuta. Mkono wake siwezi kuuponya. Hata kumfuata siwezi, kwa maana bila ruhusa ya Bwana nitarudishwa njiani na polisi. Kilichobaki ni jina lake, na hilo liko kwenye vinywa vya watu kumi na wawili.

Kwa hiyo nimeamua. Kesho asubuhi, kabla sijafungua mazutu, wakati bado mtu anaweza kusikika, nitasimama mbele yao niseme: Kisimba njo alijua mashine, mimi nilimwibia, na Alhamisi nilimwona akija. Wataniangalia. Pengine hakuna atakayesukuma gogo kuelekea meza yangu, na watakuwa na haki.

Nimejaribu kuyasema sasa hivi, peke yangu, kwa sauti, nikiwa nimeelekea ukutani. Nilifika kwenye jina lake tu, nikarudi kwenye daftari.