Mahali Pasipopita Njia

Kuluba, Koboko
Jumanne, baada ya Alasiri

Baba yangu mpendwa,

Amani ya Mungu iwe nawe hapo Bombo, wewe na Mama. Mguu unaendeleaje? Mama aliniambia kidonda kimeanza kukauka, lakini bado unajificha nyuma ya nyumba kunywa chai ya sukari. Acha hiyo tabia, Baba. Mimi ni mzima, ila jua la huku limenichoma mpaka Shangazi Mastura atanikana.

Kwa Shangazi, pale Awindiri, ndiko ninakokaa ninaposoma Arua. Lakini wiki tatu hizi chuo kimetuleta wanafunzi sita huku Kuluba kusaidia ofisi ya serikali ya gombolola. Shida yao ni maji. Pampu ya kijiji ilikufa, na wanawake wanateka mtoni pamoja na ng'ombe. Kazi yetu ni kutengeneza ramani ya kijiji na kuonyesha pa kuchimba kisima kipya.

Walimu walitufundisha kwamba ramani wachore wenyeji wenyewe. Basi tukafagia uwanja, tukawapa majivu wachore njia, mawe yawe nyumba, punje za mahindi ziwe visima. Kuku wakala visima viwili, tukacheka sana. Wazee walichora yao, wanawake yao, vijana yao. Ramani zote tatu zilikuwa na uwazi mahali pamoja, nyuma ya kichuguu kikubwa. Hakuna nyumba wala shamba, na udongo wake ni mweusi, mzuri. Mimi ndiye kiongozi wa kundi, nikaandika: eneo liko wazi, halina mwenyewe, ni karibu na kila mtu. Ofisi ikafurahi, ikapitisha. Nikajiona msomi kweli.

Jana nilikuwa nanakili ramani kwenye karatasi safi, ndipo nikaona njia zote zinapinda. Ile ya kutoka msikitini kwenda shule ingenyooka tu, lakini inakizunguka kile kichuguu kwa mbali. Hata njia ya mbuzi inazunguka. Nikamfuata mwenyekiti wa kijiji.

"Pale sisi hapana pita," akasema.

"Mbona hamkutuambia?"

"Nyinyi mliuliza njia iko wapi. Hapana mutu aliuliza kwa nini pale njia hapana."

Akanipeleka kwa haboba Hawa, bibi mzee kuliko wote hapa. Alinitazama usoni muda mrefu, akauliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia jina lako. Akaweka beseni chini.

"Uliza baba yako," akasema. "Wakati wa vita yeye na askari wenzake walichimba pale siku mbili. Sisi walitufungia ndani ya nyumba, walisema hapana angalia. Tulisikia jembe tu."

Zaidi ya hapo alikataa kusema, akarudi kuosha vyombo vyake.

Baba, hukuwahi kuniambia kwamba uliishi Kuluba. Ulisema mlipita tu Koboko mkielekea mpakani. Jumapili nilipokutajia Kuluba kwenye simu ulisema mtandao mbaya, ukakata. Mtandao ulikuwa mzuri. Nilipopiga tena Mama akasema umeshaenda msikitini, na adhana ilikuwa bado. Iliniuma, lakini leo siyo hiyo inayoniuma.

Naogopa. Nimeiambia ofisi. Wamenisikiliza vizuri, lakini mashine ya kuchimba inakuja kutoka Arua Jumatatu, na hawawezi kuirudisha kwa maneno ya bibi ambaye hakuona kitu. Wanataka mtu aliyekuwepo. Siwalaumu, hata mimi ningesema hivyo.

Sikuulizi mlifanya kwa nini. Nauliza kitu kimoja: mlizika watu, au mlizika mabomu? Kama ni watu, tutaita imamu na padri waombe, kisima kitahamia kwingine. Kama ni mabomu, mwenzangu Viola ameshatembea pale akipigilia vigingi kumi na viwili kwa nyundo. Mimi nilikuwa namshikia kamba.

Barua hii nampa dereva wa basi, ataifikisha dukani kwa kaka Juma. Alhamisi utakuwa nayo. Ukishindwa kusema kwa mdomo, mwambie Mama aniandikie kwenye simu neno moja tu, watu au mabomu. Sitakuuliza la pili maisha yangu yote.

Nisalimie Mama, na Juma na mkewe, na yule jirani yetu fundi cherehani, mwambie gauni lake ndilo nalivaa huku na bado halijaachia uzi.

Jumatatu mashine ikifika, mwenye ramani ndiye anayetangulia mbele kumwonyesha dereva pa kusimama. Nikikataa, watamweka Viola, naye ana mtoto anayenyonya. Kwa hiyo nitatangulia mimi. Nimekujulisha mapema, Baba, ili ujue ni nani atakayekuwa anakanyaga pale.

Binti yako,
Safia