Mdundo wa Injini ya Dizeli

Mwende wangu,

Hujambo huko Marsabit? Donholm tuko salama, mama yako anakusalimu, nami bado naamka nikishangaa kwamba mimi ni mke wa mtu, katika umri wangu huu!

Umeniuliza ununue gari la petroli au la dizeli. Mwezi uliopita mimi na Kyalo, mume wangu, tulikwenda kuona gari kuukuu la dizeli, lenye kusukumwa na magurudumu yote manne. Nililipenda papo hapo. Lingetufikisha Kitui hata barabara ikiwa tope tupu, na nilikuwa tayari kulipa. Kyalo, fundi wa miaka mingi, akagusisha ncha ya bisibisi kwenye injini iliyokuwa ikinguruma, na mpini akauweka sikioni.

"Njoo usikie, mrembo."

Mwende, nilisikia! Ndani ya makelele yale, silinda nne, kila moja na mdundo wake, kama mioyo. Moja ilikuwa ikigonga ovyo.

"Dizeli zote hugonga, mama," muuzaji akacheka.

"Hii ni mgonjwa," nikamjibu, mimi ambaye sijawahi kufungua boneti!

Tukaondoka bila gari. Kwa safari zako ndefu za kazini, dizeli itakufaa. Ungekuwa wa kuzunguka mjini tu, ningesema petroli. Lakini isikilize mwenyewe kwanza.

Njiani nilimuuliza Kyalo mbona hakuniambia tu kwamba injini ni mbovu.

"Ungekubali kwa sababu unanipenda," akasema. "Nilitaka ukubali kwa sababu umejua."

Nyanya yako, bibi arusi