Mabibo ya Shangazi Sabaha

Nachingwea,
9 Oktoba 2004

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, na masomo yanaendelea. Mgongo wako umepoa?

Mama, zile chunusi zilizonifanya nikae darasani nimeinama zimepungua! Nesi wa kliniki alimwambia Shangazi Sabaha kwamba bibo, lile tunda la korosho, lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na ngozi inaihitaji. Basi kila asubuhi anakamua mabibo, anachuja kwa kitambaa, anatia maji ya mchele kidogo kuondoa ukakasi, kisha ananisimamia mpaka nimalize kikombe. Jirani alidhani Shangazi ndiye aliyenizaa, eti mashavu tunafanana. Tulicheka sana.

Mwanao,
Kulthumu

Ruangwa,
17 Oktoba 2004

Kulthumu mwanangu,

Marahaba. Mgongo unauma, lakini korosho hazijiokoti zenyewe.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kwa hiyo mlicheka. Mimi sikucheka. Mabibo hayohayo nayakanyaga hapa kutwa nzima, yananichafulia kanga, jioni wapika gongo wanayazoa bure. Leo yamekuwa dawa kwa sababu kayakamua Sabaha? Huyo wifi yangu hajawahi kuhangaika na mtoto mwenye degedege. Tangu baba yako afariki ananitazama kama nisiyejua kulea. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Nakutumia kopo la mafuta, nimelipata mnadani kwa mchuuzi wa Dar. Amesema siku saba tu uso unang'aa. Paka asubuhi na jioni, na hiyo juisi uiache. Akikuuliza, mwambie mama yako amekataza.

Mama yako mzazi

Nachingwea,
26 Oktoba 2004

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, na Shangazi anakusalimu.

Mafuta nimeyapata, asante. Weupe umeanza kuonekana, ila yanawasha, hasa nikitoka juani. Niendelee? Juisi nimeacha. Kile kikombe Shangazi alikinywa mwenyewe.

Mwanao,
Kulthumu

Ruangwa,
2 Novemba 2004

Mwanangu,

Marahaba. Huku tuko salama. Kuwasha ndiyo dawa inafanya kazi. Endelea, usinitie aibu mbele ya Sabaha.

Mama

Ruangwa,
30 Novemba 2004

Kulthumu,

Hujambo? Mwezi mzima hujaandika. Eusebio, utingo wa basi la huko, anasema alikuona sokoni, umejitanda mpaka machoni, alipokuita ukageuka. Sabaha amekukataza kuniandikia? Kama amekukataza sema, nije nikuchukue leo hii.

Mama yako

Nachingwea,
6 Desemba 2004

Mama,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu.

Shangazi hajanikataza chochote. Mashavu yalichubuka, yakawa yanatoa maji, nikakaa nyumbani wiki mbili. Nesi alisema mafuta yale yana sumu. Shangazi alikuwa ananishika mikono nisijikune. Sasa vidonda vimekauka, ila kovu la shavu la kushoto huenda likabaki.

Aliniuliza nimeyapata wapi. Nikasema niliiba hela kwenye mkoba wake nikayanunua mwenyewe. Hakunipiga, Mama. Alikaa kitandani akalia. Sikutaka akufikirie vibaya, kwa hiyo hata wewe usimwambie.

Mwanao,
Kulthumu

Ruangwa,
8 Desemba 2004

Kulthumu,

Pole, mwanangu. Barua hii mpe Shangazi yako aisome, nawe ukiwepo.

Wifi Sabaha, salamu zangu, na sijui kama utazipokea. Mtoto hakuiba. Mafuta nilimtumia mimi. Niliandika barua nyingine kabla ya hii, kwamba mchuuzi alinidanganya, nikaichana. Ni kweli alinidanganya, lakini mtoto aliniambia yanawasha nami nikamwambia aendelee.

Ulikuwa wivu, Sabaha. Aliniandikia habari za kikombe chako kwa furaha ambayo sijaiona akiwa hapa kwangu, nikaona umeshanichukulia mtoto. Mabibo ninayo shamba zima na sikuwahi kumkamulia hata moja. Hilo ndilo lililoniuma, nikamchomesha uso yeye.

Kisha mtoto akajiita mwizi mbele yako ili mimi nibaki mtu mwema. Huyo ndiye mtoto niliyekuwa nasema wewe huwezi kumlea.

Nakuja Ijumaa. Nikifika msimfunike uso. Nataka nione nilichofanya.

Wifi yako,
Zuleha