Ufa mu moteri ya buko

Siku ya ine, Octobre 1954

Imepasuka, na sikuweza kumuambia.

Buko, baba ya muke yangu, alitiaka makala mu moto ya locomotive mpaka akazeeka. Sasa iko na kamio moja tu, ya kubeba samaki toka Kabondo-Dianda. Jana moteri ilichemuka mu njia, radiatere ikakauka. Hakungoja ipoe. Akamwanga mule maji ya baridi pale pale. «Kwa locomotive, maji inaingiaka na moto inawaka,» njo vile anasema. Inanichokesha. Nilimuambiaka mara mingi kama kamio haiko locomotive.

Leo nilitosha mafuta ya moteri, ikakuya nyeupe sawa maziwa: maji ilishaingia mule. Nilifungua kulasi, kifuniko ya juu ya moteri, nikaona ufa mu chuma ya moteri yenyewe, murefu sawa kidole. Ile haitengenezeke.

Akakuya kuuliza. Nikasema: «Joint tu ya chini ya kulasi njo iliungua, tata. Tutabadilisha.»

Akaniangalia. «Minyi nilisikia mulio, sawa sahani inapasuka. Joint inaliaka vile?»

«Iko joint, tata.»

«Bon. Basi iko joint.»

Akakamata kitambaa, akaanza kupangusa vitre, kioo ya mbele ya kamio, polepole, inje na ndani.