Mshale Ulioelekea Nyuma

Abingdon,
4 Mei 1989

Mwanangu Hester,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima, na mama yako mdogo Enid kifua kimempoa. Mimi sijambo, ila nyonga bado inanivuta, na daktari hataki hata kusikia habari ya mimi kushika usukani.

Enid ameniletea picha ya lile gari la mama yako, umeliegesha kando ya ziwa. Umeling'arisha vizuri. Anasema Jumapili ya tarehe 21 mtapanda nalo mlima pamoja na klabu ya magari, kupita ile njia kali ya Hardknott, wewe na yeye.

Usilitoe. Lifunike turubai, liache hapo mpaka nitakapokuja. Usiniulize sababu. Nimekaa kwenye kiwanda cha magari ya MG miaka thelathini na moja, kumi na tisa kati ya hiyo nikiwa mkaguzi wa kazi za wenzangu, na najua ninachosema. Nimekupigia simu mara mbili, ukasikia sauti yangu ukakata. Basi nimeandika.

Msalimie Enid.

Ni mimi baba yako,
Wilfred


Ambleside,
9 Mei 1989

Kwa baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Mama mdogo naye mzima, anakohoa asubuhi tu.

Miezi kumi na minne tangu tumzike mama hujaniandikia hata mstari mmoja. Leo umeandika, na ulichoandika ni amri. Gari ni la mama. Aliniachia mimi, kwa mdomo wake, na wewe ulikuwepo. Ukalifungia gerejini mwaka mzima, mpaka nilipokuja na lori mwezi uliopita kulichukua, nawe ukasimama dirishani unaniangalia kama mwizi. Sasa unataka lirudi chini ya turubai.

Kila Mei mama alikuja kwa Enid, akapanda Hardknott, mvua au jua, paa limefunuliwa na kitambaa kichwani. Mwaka huu nitapanda mimi, na Enid atakaa kiti cha abiria. Nimekwisha kulipeleka ziwani na kurudi mara nne, na linakwenda vizuri kabisa.

Ukinipa sababu nitasikiliza. Kama huna, usinichoshe.

Binti wa Marjorie,
Hester


Abingdon,
12 Mei 1989

Mwanangu Hester,

Salamu. Mimi naendelea vizuri, nyonga ni ile ile. Barua yako nimeipata, na ukali wake nimeumeza na chai.

Sababu uliyoitaka ni pampu ya petroli. Niliyofunga ni mbovu. Itakukatikia kwenye ile kona ya juu, pale ambapo gari likizimika linarudi nyuma lenyewe. Usimpe fundi aiguse, vijana wa siku hizi hawazijui pampu hizi. Niachie mimi. Lisubiri mpaka Juni, nyonga ikipona nitakuja.

Nakuomba, Hester. Unajua mimi si mtu wa kuomba.

Baba yako,
Wilfred


Ambleside,
16 Mei 1989

Kwa baba,

Shikamoo. Hatujambo.

Fundi Garside alikuja nyumbani jana. Ana miaka sabini, kwa hiyo huyo si kijana wa siku hizi. Aliifungua pampu juu ya meza yangu ya jikoni, akaitazama, akacheka. "Binti, pampu hii itanizika mimi," aliniambia. "Mzee wako anakutania."

Kumbe umenidanganya. Wala sishangai. Mama naye ulimwambia ni uchovu tu, daktari wa nini, mpaka tukachelewa. Sikutaka mengi kutoka kwako. Nilitaka useme neno moja, kwamba ulikosea, pale kaburini au hata njiani tukirudi. Wewe ukaniuliza kama nimefunga geti.

Bahasha nyingine yenye mwandiko wako haitafunguliwa kabla ya Jumapili. Nitaiweka nyuma ya saa juu ya meko, ikae hapo. Simu nayo nimeichomoa.

Binti wa Marjorie,
Hester


Abingdon, 18 Mei. Kadi ya kwanza.

Hester, hujambo. Umesema hufungui bahasha, basi hii haina bahasha, na asome atakaye. Habari ya pampu ilikuwa uongo. Tatizo ni magurudumu ya mbele. Kila gurudumu limeshikwa na nati moja kubwa yenye masikio mawili. Meno ya nati za kulia yamekatwa kinyume na za kushoto, ili gari likienda zijikaze zenyewe. Vile vitovu viwili vya mbele, vyuma vinavyobeba magurudumu, nimevifunga pande zisizo zao, kilicho cha kulia kiko kushoto, na nati zake zimefuata. Gari likienda, zinajifungua. Niliona kwenye picha ya Enid. Mshale wa kufungulia uliochorwa kwenye nati unaelekea nyuma, na ulipaswa kuelekea mbele. Chukua nyundo ya shaba, gonga sikio la juu kuelekea nyuma. Likilegea, usiende popote. Nilikosea. Mkaguzi mzima, na nilishindwa kuliandika hilo kwa wiki mbili.
Baba yako.


Abingdon, 18 Mei. Kadi ya pili.

Nilivifunga siku ile mama yako aliponiita kutoka chumbani juu. Aliita mara tatu, nami kila mara nikajibu, "Dakika kumi." Niliogopa kupanda zile ngazi, Hester. Nilijua si uchovu, nilijua tangu Krismasi. Nikabaki gerejini na spana mkononi, sioni hata ninachofunga. Hapo pia nilikosea, na hapo ndipo nilipokosea zaidi.
Baba yako.


Ambleside,
Jumapili, 21 Mei 1989

Baba yangu,

Shikamoo. Sisi wazima. Nataka uanze na hilo, tu wazima wote wawili.

Kadi zilifika jana saa mbili asubuhi. Bwana Thackray wa posta kwa kawaida huzisukuma barua mlangoni akaenda zake. Jana aligonga mpaka Enid akadhani nyumba inaungua. "Samahani, nimeisoma," alisema, "na wewe uisome kabla hujabandika maji ya chai." Akanipa ile ya kwanza. Ya pili alinipa akiwa ameifudikiza. "Hii nilipoona si ya magari nikaiacha." Sijui kama ni kweli, lakini nimempenda kwa kusema hivyo.

Nikachukua nyundo ya mama. Nati ya upande wangu ilikataa mara mbili, halafu ikalegea, kuelekea nyuma kama ulivyoandika. Nikazunguka upande wa Enid. Ile sikuigonga, baba. Nilishika sikio lake tu ili nione mshale vizuri, ikazunguka na mkono wangu. Zile safari za ziwani zilikuwa zimetosha kuilegeza. Nilikaa chini kwenye kokoto, na Enid akaniletea koti.

Leo asubuhi klabu wamepita, magari kumi na mawili, wakatupigia honi. Tulisimama getini tukawapungia. Enid alikuwa amejifunga kile kitambaa cha mama.

Ningependa kukwambia yamekwisha, lakini hayajakwisha. Zile dakika kumi bado zinaniuma, na nadhani zitaniuma siku nyingi. Ila ile kadi ya pili nimeisoma mpaka pembe zimelainika, na sikuiweka nyuma ya saa.

Magurudumu ya mbele nimeyavua. Vitovu viko juu ya meza ya jikoni, nimeviandika kwa chaki, kulia na kushoto. Garside alitaka kuvirudisha, nikamkatalia. Panda treni ya Alhamisi mpaka Windermere, nitakuja kukupokea. Ngazi za nyumba hii ni tatu tu, nyonga itaziweza, na nitakushika mkono.

Utafunga wewe. Nitakagua mimi.

Binti yako,
Hester