Rubani Anayelinda Mkia Wangu

Mpendwa Anti Severa, shikamoo. Naomba unisaidie na naomba usinicheke, maana rafiki yangu mmoja nilimweleza akacheka mpaka akakaa chini, na mwingine akaniambia kuna mtu Tandika anawatoa watu majini, nikamwone, na mimi sijui nimfuate nani, na Ijumaa hii kuna jambo nimepanga kulifanya ambalo likishafanyika nadhani halitarudi nyuma. Majina nitakayoyaandika si yenyewe.

Mimi ni mwanaume mwenye mke, nauza vioo na betri za simu Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, na tunakaa Mchafukoge ghorofa ya tatu, vyumba viwili vilivyotenganishwa na pazia maana mlango wa katikati uliliwa na mchwa tukautoa. Kila siku nikifunga duka na nikishaswali magharibi nakaa sebuleni nacheza gemu kwenye simu, gemu ya vita ya timu mbili, kila timu watu watano, wawili wa vifaru, mmoja wa gari la rada na marubani wawili angani, na shabaha ni kuteka ghala la mafuta la timu nyingine. Mimi ni rubani na ndimi nahodha. Twaha na Godbless wanaendesha vifaru, Kalpesh yuko kwenye rada, na rubani mwenzangu alikuwa Onesphory mpaka alipohamia Mwanza akaacha kucheza.

Usidhani ni kubofya-bofya tu, Anti. Marubani tunaruka wawili wawili, wa mbele anashambulia na wa nyuma analinda mkia, na wa mbele hatakiwi kugeuka nyuma hata kidogo kwa sababu ukigeuka unapoteza kasi na ukipoteza kasi umekwisha. Kabla ya kumfuata mtu unapanda juu kwanza, unamjia jua likiwa mgongoni kwako ili asikuone, na akikimbilia kwenye mizinga yao humfuati hata kama ndege yake imebaki moshi mtupu. Tuna pia mbinu tunayoiita chambo, rubani mmoja anaruka chini polepole kama aliyeharibikiwa, maadui wote wanamkimbilia, na mwenzake anawashukia kutoka juu. Chambo mara nyingi anakufa, lakini kwenye gemu mtu akifa anasubiri kidogo anarudi uwanjani. Ramani yote tumeipa majina ya mitaa yetu ili maadui wasituelewe, mto ni Msimbazi, mabonde ni Congo na Sikukuu, ukisema nakata Congo kila mtu wa kwetu anajua unaelekea wapi.

Sasa alipoondoka Onesphory akaingia mtu. Chumba chetu cha kuchezea kina namba ya siri, naibadilisha kila siku, siiandiki popote, nawapigia wenzangu simu ya pamoja nawatajia kwa mdomo. Siku hiyo tuko wanne ndani, mara ikaandikwa kwamba Hayupo amejiunga. Ndilo jina lake alilojipa, Hayupo. Twaha akauliza, "Oya, huyu nani kamleta?" Kila mmoja akakana. Alama ya maiki ya Hayupo inawaka lakini hasemi, unasikia pumzi tu. Mwanzoni hakujua hata kunyanyua ndege, anagonga kilima, anatumbukia mtoni, tukawa tunamcheka, lakini alikuja kila siku, na ukafika wakati analinda mkia wangu vizuri kuliko Onesphory alivyowahi kuulinda.

Kalpesh ndiye aliyeligundua jambo, kwa sababu yeye ndiye anayeangalia rada. Akaniambia, "Kapteni, huyu jamaa anageuka kabla hatujakusikia. Sisi sauti yako inatufikia baadaye, yeye ameshakata kona." Tukadhani bahati. Tukabadilisha majina ya ramani yote tukaweka ya Magomeni, tukayapanga kwenye simu nje ya gemu, Hayupo akaingia jioni ile ile na kuyajua yote.

Halafu ikaja habari ya mluzi. Jirani yetu mama Khushi, mama wa Kihindi, kila magharibi anabandika dengu kwenye sufuria la presha, nalo linapiga mluzi jengo zima linasikia. Siku hiyo nilivaa hedifoni sikio moja tu. Mluzi ukalia dirishani, na kwa nyuma kidogo, kama mtu anayeuigiza, ukalia tena ndani ya hedifoni. Twaha anakaa Temeke, Godbless Kimara, Kalpesh Upanga, hakuna hata mmoja anayeweza kumsikia mama Khushi. Nikawaambia wote wazime maiki, wakazima, na yangu nikazima. Ukalia tena mara mbili. Maiki pekee iliyokuwa inawaka ilikuwa ya Hayupo. Anti, nikatoka mbio nikachungulia ngazini, hakuna mtu, nikapanda mpaka paani kwenye matangi ya maji, hakuna mtu. Nilivyorudi nikafunua pazia la chumbani, mke wangu amekaa kitandani amejitanda kanga, simu mkononi, nikamuuliza kama amesikia mtu yeyote akipita, akatikisa kichwa.

Niseme na habari za huyo mke ingawa ni jambo lingine. Nimuite Shamsa. Mwaka jana mtoto wetu wa kwanza alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, kwa upasuaji, na hakumaliza hata siku. Shamsa alikuwa hajazinduka. Sisi kwa desturi yetu wanaume ndio tunaokwenda kuzika, tukaharakisha, tukazika alasiri ile ile, na yeye alipofumbua macho nikamwambia Mungu amemchukua mtoto, na tangu hapo hatujalizungumza tena. Akawa kimya. Nikirudi chakula kiko mezani kimefunikwa, yeye yuko chumbani na simu, nikiingia anaificha chini ya kanga, na waifai ninayoiweka ya mwezi inakwisha mwezi haujafika katikati. Nimejua ana mtu anachati naye. Ndiyo maana nimepanga Ijumaa nimrudishe kwao Magomeni na talaka yake nimwandikie.

Lakini ninaloogopa kukwambia ni hili. Kuna uwanja wa mazoezi ambao hauna vita, naingia mwenyewe nikiwa sina raha, na nikiingia namkuta Hayupo. Tunaruka mbawa kwa mbawa polepole. Nikitikisa mbawa, naye anatikisa. Siku moja nikajikuta nimeanza kumweleza, kwa sauti ya chini kama mtu anayenong'ona, jinsi nesi alivyonipa mtoto ndani ya kitenge, kwamba alikuwa na nywele nyingi mpaka kwenye mabega, kidevu cha mama yake, masikio yangu, na kwamba alikishika kidole changu akakibana hasa, mtoto mdogo vile, na mimi nikasimama pale nimeshikwa. Sijawahi kumwambia mtu duniani. Hayupo akasogea, akasogea, mpaka mbawa zetu zikagusana, na kwenye gemu ile mbawa zikigusana mnalipuka wote wawili. Hatukulipuka. Nilisikia pumzi yake inakwenda haraka haraka, halafu alama ya maiki ikazimika.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimeuawa nasubiri kurudi uwanjani, Twaha akaniuliza nyumbani vipi, nikawaambia wote, "Ijumaa nampeleka kwao, nimechoka kuishi na maiti." Hayupo alikuwa juu ya mto. Akalaza ndege, akazima injini, akashuka moja kwa moja mtoni wala hakuna aliyempiga. Tangu siku hiyo anaingia, anasimama kwenye njia ya kurukia, panga boi la ndege yake linazunguka, haruki. Maadui wanakuja wanamlipua pale pale, anarudi, anasimama, wanamlipua tena. Godbless alisema, "Huyu si mzima, mwondoe." Jana maiki yake ilikuwa inawaka kama kawaida lakini hata ile pumzi sikuisikia.

Anti, huyu ni jini, au ni mwanangu? Nimfukuze kwenye timu au nitafute wa kumsomea dua? Na hilo la Ijumaa niendelee nalo?

Wako katika mashaka, Rubani wa Mchafukoge.

ANTI SEVERA ANAJIBU

Marahaba, Rubani. Barua yako nimeipata Jumatano mchana, na nimegombana na mhariri mpaka akaondoa tangazo la magodoro ili itoke Alhamisi asubuhi. Hukuandika namba ya simu. Ungeandika ningekupigia, nisingengoja gazeti.

Pole sana na msiba wa mtoto. Nakupa pole hiyo kwa moyo wote, kwa sababu naona ulizika, ukarudi dukani, na hakuna aliyekukalisha akakuuliza una hali gani. Hilo nalielewa.

Sasa nikugombeze. Wewe mwanaume umetafuta ngazini, umetafuta kwenye matangi ya maji, unataka kwenda mpaka Tandika, na uliyekuwa unamtafuta ulimfunulia pazia ukamkuta na simu mkononi, ukamuuliza yeye kama amesikia mtu mwingine! Hayupo ni mkeo. Namba ya siri unaitaja kwa sauti hatua chache kutoka kitandani kwake, majina ya ramani unayapanga kwenye simu hapo hapo, na kati yenu pana kitambaa. Wenzako wanakusikia kwa mtandao, ndiyo maana wanachelewa. Yeye anakusikia kwa masikio yake. Mluzi wa mama Khushi uliingia kwenye dirisha lake kama ulivyoingia kwenye lako. Waifai hailiwi na hawara, inaliwa na vita ile ile unayopigana wewe. Kuhusu mbawa kugusana msilipuke, hilo silijui, na nimelifikiria tangu nilipoisoma barua. Kawaulize walioitengeneza hiyo gemu.

Ulichotakiwa kujiuliza ni kwa nini mwanamke aliyefiwa ajifunze kurusha ndege za vita, agonge vilima, achekwe na wanaume asiowajua, na kesho arudi tena. Fikiria kidogo. Aliibeba mimba hiyo yeye. Alilala mezani akiwa na mtoto tumboni, akaamka hana. Wewe ulimwona mtoto, nesi alimwona, wazee wa kiume walimwona. Mama yake hakumwona. Hana hata sura ya kumlilia. Mtu pekee aliyekuwa nayo sura hiyo ni wewe, na wewe ukirudi unakula, unaziba masikio, unapaa. Alingoja useme. Hukusema. Akakufuata huko huko unakosemea.

Na jamani, siku moja akaisikia. Nywele, kidevu, kidole. Alisikia mwanawe alikuwaje, akiwa amejifunika kanga, kutoka kwa mumewe aliyekuwa akimweleza mtu asiyemjua. Nimelia mimi niliyeisoma tu. Halafu Jumamosi akakusikia ukimwita maiti.

Kwa hiyo kuhusu jini sina la kukwambia. Ninachokiogopa ni kile kinachotokea kwenye njia ya kurukia. Mtu anayesimama anapigwa, anarudi mahali pale pale ili apigwe tena, na hakwepi, huyo anakwambia jambo, na usilichukulie kama gemu. Barua yako nimeisoma mara nyingi na kila nikifika hapo kwenye pumzi isiyosikika naiweka chini. Usimwache peke yake ndani ya nyumba hiyo, hata kidogo. Mama yake wa Magomeni mpigie leo, umwombe aje akae nanyi, siyo aje kumchukua. Wiki hii hii mpeleke hospitali, useme wazi kwamba mama huyu amefiwa na mtoto na amekata tamaa, uulizie daktari au mshauri wa mambo ya akili, wapo, na uingie ndani pamoja na mkeo maana na wewe unamhitaji mshauri huyo. Talaka usiitaje tena, wala kwa utani, wala kwa Twaha. Kaburi likoje na liko wapi, mwambie wewe; kama anaweza kupelekwa na lini, muulize shehe wako, lakini swali hilo liulizeni pamoja.

Usimdai maelezo kuhusu Hayupo. Usimwambie umemkamata, maana hajakosa kitu. Akitaka kukwambia atakwambia siku yake.

Najua gazeti unalisomea dukani, wateja wamesimama. Waombe radhi. Funga duka sasa hivi, usingoje magharibi. Panda ngazi, funua pazia, simu zote mbili ziweke mbali, kaa chini alipokaa. Mwambie mtoto wake alikuwa na sura gani. Akikuuliza tena, mwambie tena.