Ndoo ya Kobe

Jumamosi jioni

Ndoo nzima ya maji imeishia kwa kuosha gambuti za mpira. Nilikuwa nimeyaacha siku mbili ili dawa ya maji ya bomba iishe, kobe wa maji wa binti yetu Achieng wasidhurike. Baba yake akarudi kutoka kuchuma chai, akayatumia kuosha matope. "Si ni maji tu?" akaniuliza.

Tangi jipya la kioo likabaki tupu. Kobe wawili bado wamebanana kwa karai, na yule mdogo hajala tangu Jumatano kwa hii baridi. Achieng alituachia hawa akienda shule ya bweni. Akirudi likizo nimwambie nini kama—

Naendelea usiku. Nilienda mazoezi ya kwaya nikiwa nimenuna. Kurudi, nikakuta mzee wangu ameleta mitungi minne ya maji kutoka chemchemi ya bondeni, sufuria iko jikoni inachemka, tangi limejaa nusu. Amepiga magoti, ametia kiwiko majini, vile alivyokuwa akipima maji ya kumwogesha Achieng akiwa mchanga.

Tukamweka yule mdogo. Akanyoosha shingo, akaogelea.

Nilitaka kusema asante. Lakini kiwiko kilikuwa bado ndani, na akaniuliza polepole, "Mama Achieng, huko shule wanawapatia maji moto?"